Mzizi wa Mashariki, Mzizi wa Magharibi

Mganga wa mitishamba wa Kidigo au wa Kizaramo hachimbi dawa kama mtu anayeng'oa muhogo. Akiufikia mti husimama kwanza, akaueleza shida iliyomleta na kumtaja mgonjwa. Wengine huacha sarafu shinani, malipo ya kile wanachochukua. Ndipo hufukua upande wa mashariki, akakata mzizi, akazunguka magharibi akakata mwingine, kisha akafukia.

Wapo wanaosema pande hizo hufuatwa kwa sababu ugonjwa hutakiwa uzame pamoja na jua. Sawa, lakini mti nao unanufaika: umepoteza mizizi miwili, iliyobaki inaulisha.

Gome lina hesabu hiyohiyo. Likibanduliwa kipande upande huu na kipande upande wa pili, mti hupona. Likivuliwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotoka kwenye majani hakifiki tena mizizini, na mti hufa. Wafanyabiashara waliosaka gome la mti wa Prunus africana kwa ajili ya dawa za tezi dume za Ulaya waliua miti mingi hivyo, hasa Kameruni, hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995.

Uani hakuna sarafu wala maombi, ila taratibu zipo, na wanaozijua zaidi ni kina mama na bibi. Mrehani huchumwa asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali na kuirusha harufu yake, maana dawa imo katika mafuta yenye harufu hiyo. Hukatwa ncha, juu kidogo ya jozi ya majani, nao huchipua matawi mawili. Mchaichai hukatwa juu ya shina ili uote tena. Majani ya mwarobaini ya kujifukiza hayana masharti mengi. Mti wenyewe hauchoki.

Mshubiri ndio unaotaka subira. Huchukuliwa jani la chini, lililonenepa, wala si changa la katikati. Likishakatwa husimamishwa wima ndani ya bakuli, utomvu wa manjano uchuruzike. Huo ndio mchungu wanaoupaka kina mama matitini wakimwachisha mtoto ziwa, na ukimezwa huendesha tumbo. Ute mweupe uliobaki ndani ndio wa kupaka penye kuungua.

Majani ya kuwekwa akiba hutandazwa juu ya ungo kivulini, yakageuzwageuzwa hadi yavunjike yakifikichwa. Yakihifadhiwa yangali na unyevu, huota ukungu.