Ndege Imeanguka: Ni Nani Ajuaye Sababu?

Wazee walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Methali hiyo ina hekima yake, lakini siku ndege ianguka yaweza kutupoteza. Moshi haujatulia bado, na tayari sokoni kila mtu anayo sababu yake. Huyu asema rubani alikuwa amelewa. Yule asema ni bomu. Wa tatu anong'ona kwamba tajiri fulani amewatoa abiria kafara ili apate mali. Wote wasema kama watu walioona kwa macho, na hata mmoja wao hakuwapo.

Huku Vulamba twajua kwa nini maneno hayo huenea upesi. Watu wa Butembo na Beni ni watu wa biashara na wa safari. Barabara ya kwenda Goma ni ndefu, mvua huiharibu, na kwa miaka mingi watu wenye silaha wameitia hofu. Kwa hiyo wengi waliokuwa na nauli walipanda ndege ndogo, huko Rughenda au Mavivi. Jumapili tarehe 24 Novemba 2019, ndege ya shirika la Busy Bee, aina ya Dornier 228, iliondoka Goma ikija Beni. Haikufika mbali: iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo, karibu na kiwanja. Watu zaidi ya ishirini walikufa, wengine abiria, wengine watu waliokuwa kwao. Msiba kama huo huingia katika nyumba nyingi za kwetu, na mwenye uchungu hutaka jibu siku ile ile.

Waliohesabiwa wafu, nao wako hai

Tukumbuke yaliyotokea Goma tarehe 15 Aprili 2008. Ndege kubwa ya Hewa Bora, aina ya DC-9, ilikuwa yaondoka kwenda Kisangani na Kinshasa. Ilikimbia kiwanjani isiweze kupaa, ikapita mwisho wa njia yake, ikaingia katika maduka na nyumba za Birere na kuwaka moto. Habari za kwanza zilizotangazwa duniani zilisema karibu abiria wote wamekufa. Sivyo ilivyokuwa. Abiria wengi walitoka wakiwa hai, na waliokufa, watu wapata arobaini, wengi wao walikuwa watu wa mtaa. Fikiri, msomaji, mama aliyelia usiku kucha kwa ajili ya mtoto aliye hai. Na fikiri nyumba ya Birere ambayo hakuna aliyeitaja.

Kuhusu sababu, wako waliotaja tairi, wako waliotaja injini, wako waliotaja maji ya mvua. Lakini jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Mwezi wa Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulikuwa umeifunika sehemu ya njia ya ndege, wapata theluthi moja. Miaka sita ilikuwa imepita, na mawe yale yalikuwa yangali pale. Ndege iliyopatwa na shida haikuwa na nafasi ya kusimama; mbele yake palikuwa na nyumba za watu. Kwa kawaida ajali haina sababu moja tu. Ni kama mnyororo: kila pete imeshikana na mwenzake.

Maneno ya mbali na ya karibu

Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let 410 ilianguka Bandundu, wakafa watu 20 kati ya 21. Kwanza ilisemwa kwamba mafuta yalikwisha. Baadaye ikaenea habari, iliyotokana na maneno ya yule aliyepona, kwamba mamba alitoroka katika mfuko wa abiria, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani yake. Dunia nzima ilisimulia habari ya mamba, na wengi walicheka. Waliokuwa wamefiwa hawakuwa na la kucheka.

Wala tusidhani kwamba uvumi ni ugonjwa wa Afrika tu. Tarehe 17 Januari 2008, ndege ya British Airways kutoka Beijing ilitua kwa kishindo kabla ya kufika njia yake huko London. Watu wote 152 walipona. Mara watu wakasema kwamba mitambo ya msafara wa Waziri Mkuu, uliokuwa ukipita karibu, ndiyo iliyozizima injini. Wachunguzi hawakufuata maneno hayo. Walijaribu na kujaribu tena, na mwaka 2010 wakatoa neno lao la mwisho: maji kidogo yaliyokuwa ndani ya mafuta yaliganda kuwa barafu katika baridi kali ya juu, na barafu hiyo ikayazuia mafuta yasifike kwenye injini vya kutosha. Chombo kilirekebishwa, na maelfu ya wasafiri wakalindwa.

Hiyo ndiyo faida ya subira. Kwa sheria ya mataifa, uchunguzi wa ajali hufanywa ili nyingine isitokee, si kwa ajili ya kutafuta wa kulaumiwa. Uvumi hufanya kinyume. Tukisema ni uchawi, mzee asiye na kosa ataweza kupigwa, na mawe yatabaki njiani. Tukimlaumu rubani aliyekufa, hawezi kujibu, na mizigo itazidi kupakiwa bila kipimo.

Basi tufanye nini? Tusinyamaze; kuuliza si ujinga. Tudai majibu ya wachunguzi yasomwe mbele ya watu. Aliyeona na aseme alichoona, bila kuongeza. Aliyesikia na aseme, "Nimesikia," kisha akome hapo. Msafiri naye asifiche uzito wa mzigo wake penye mizani. Na tukifika matangani, tumletee mfiwa kuni, maji na unga, tukae naye. Sababu ya ajali tuwaachie kwanza wenye kazi ya kuitafuta.