Pacha mmoja apone, au wote wafe? Kesi iliyowakutanisha wazazi na majaji

Mzazi, jiweke katika nafasi hii. Umejifungua mapacha walioungana. Madaktari wanakwambia wakiachwa hivyo walivyo, wote wawili watakufa ndani ya miezi michache. Wakitenganishwa, mmoja ana nafasi kubwa ya kuishi, lakini mwingine atafia hapo hapo kwenye chumba cha upasuaji. Wanasubiri saini yako.

Hili lilitokea kweli, Manchester, Uingereza, mwaka 2000. Watoto hao wa kike walizaliwa Agosti 8 katika Hospitali ya St Mary's. Wazazi wao walitoka Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, kufuata matibabu. Mahakama iliwaita watoto kwa majina ya bandia, Jodie na Mary. Waliungana sehemu ya chini ya mwili. Moyo na mapafu ya Mary havikuweza kumweka hai; aliishi kwa damu iliyosukumwa na moyo wa Jodie, na moyo huo usingeweza kubeba miili miwili kwa muda mrefu.

Wazazi, Wakatoliki wa dhati, walikataa upasuaji. Hospitali ikaenda mahakamani na kushinda. Wazazi wakakata rufaa.

Wengi wetu tukiulizwa haraka tutajibu kwamba nusu shari ni afadhali kuliko shari kamili, basi aokolewe mmoja. Ndivyo walivyofundisha Jeremy Bentham na John Stuart Mill: tendo lipimwe kwa matokeo yake. Uhai mmoja ni zaidi ya sifuri, na hesabu hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba ukiiachia peke yake inakupeleka pabaya. Kwa hesabu hiyo hiyo, mtoto mmoja mzima angeweza kuuawa ili viungo vyake viponye wagonjwa watano wodini. Nani atakubali?

Immanuel Kant, Mjerumani, aliweka ukuta hapo: binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kumfaa mwingine. Wazazi wale hawakuhitaji kumsoma Kant. Walisema watoto wote ni wao, wanawapenda sawa, na hawawezi kukubali mmoja auawe ili mwenzake aishi. Wapo waliowaona wagumu wa moyo kwa Jodie. Mimi sioni hivyo. Mzazi anayeanza kuwapima wanawe nani anafaa kubaki ameshaingia mahali ambapo hata akitoka, hatoki mzima.

Hata hivyo, ukuta wa Kant nao una gharama, na gharama hiyo ingelipwa na Jodie, mtoto aliyekuwa na uwezo wa kuishi.

Septemba 22, 2000, majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa walitoa jibu moja: watenganishwe. Kila mmoja aliandika sababu zake. Jaji Ward alitoa mfano wa mvulana wa miaka sita anayefyatua risasi ovyo kwenye uwanja wa shule. Hana hatia, lakini ni lazima azuiwe. Mfano huo unanikwaza. Mary hakushika bunduki, alizaliwa tu. Jaji Brooke ndiye aliyenishawishi zaidi. Yeye aliegemea ulazima, yaani kufanya baya ili kuepusha baya kubwa zaidi, kwa sharti zito: Mary alikuwa anakufa kwa vyovyote vile. Sharti hilo ndilo linalomtenga na yule mtoto mzima wa mfano wa wodini, ambaye angeendelea kuishi kama angeachwa. Ndiyo maana mzazi anayekutwa na uamuzi mzito hospitalini, hata usio mkubwa kama huu, aanze kwa kumuuliza daktari: tusipofanya lolote itakuwaje, na baada ya muda gani?

Je, majaji wakiwa sahihi, wazazi walikosea? Hapa namkumbuka Aristotle, ambaye hakuanza na hesabu wala sheria, alianza na mtu mwema na namna anavyoishi. Jaji mwema na mama mwema hawabebi wajibu mmoja. Jaji anaweza kuamuru jambo ambalo mama ana haki ya kukataa kulitilia saini. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sioni kwa nini sheria imlazimishe awe yeye wa kutamka nani afe. Kwa maoni yangu, wazazi walikuwa sahihi kukataa, na mahakama ilikuwa sahihi kuwaondolea mzigo huo.

Wazazi hawakuendelea na rufaa. Upasuaji ulianza Novemba 6 na kuchukua takriban saa 20. Mshipa mkuu wa damu uliowaunganisha ulipokatwa, Mary alifariki. Alizikwa Gozo. Jodie alirudi nyumbani Malta na wazazi wake mwaka 2001.

Hapa kwetu wengi wanawakumbuka Maria na Consolata Mwakikuti wa Makete, walioishi wameungana hadi walipofariki Juni 2018 wakiwa na miaka 21, wanafunzi wa chuo kikuu Iringa. Wao walifikia umri wa kuulizwa, na walisema hawataki kutenganishwa. Jodie na Mary hawakuwa na hata miezi miwili hukumu ilipotoka.