Kutoka Molasi Hadi Mwali: Hamira na Jiko Lisilo na Moshi

Wazee wa Upare waliijua kazi ya hamira kabla kemia haijaieleza. Maji ya miwa yaliachwa yachachuke, yakawa dengelua, pombe yao ya jadi. Chembe hai za jamii ya kuvu, zisizoonekana kwa macho, zilikuwa zikila sukari na kutoa alkoholi na kabonidioksaidi. Kazi hiyo hiyo, ikiendeshwa kwa vipimo, yaweza kumwondolea mama moshi jikoni.

Malighafi haiko mbali na Ziwa Jipe. Upande wa magharibi, huko Arusha Chini, kiwanda cha TPC hukamua miwa. Sukari ikishatolewa hubaki molasi, uji mzito mweusi ambao takriban nusu yake bado ni sukari. Wilayani Mwanga, kampuni ya Kilimanjaro Biochem hutengeneza ethanoli kutokana na molasi.

Molasi huzimuliwa kwa maji, kisha hutiwa hamira katika tangi lisiloingiza hewa, na joto hudhibitiwa. Gramu 100 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 51 za ethanoli. Sehemu kubwa ya zilizobaki hutoka kama gesi. Alkoholi ikizidi kiasi, hamira hudhoofishwa na zao lake yenyewe. Ndipo mchanganyiko hukenekwa: ethanoli huchemka kwenye nyuzijoto 78, mapema kuliko maji, na mvuke wake hupozwa hadi kupatikana kimiminika chenye ethanoli ya asilimia 95 hivi.

Je, mabua ya mahindi na mabaki ya mkonge? Sukari ya mabua imefungwa ndani ya selulosi, ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuivunja. Yahitaji kwanza asidi au vimeng'enya, na gharama hupanda. Mkonge nao una sukari katika maji yake, lakini nyingi imeungana minyororo inayopaswa kukatwa kwanza. Kwa sababu hiyo molasi hutangulia.

Faida yake kiafya ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2020 uchafu wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2. Moshi wa kuni huchangia nimonia kwa watoto, na magonjwa sugu ya mapafu, moyo na kiharusi kwa watu wazima. Ethanoli huwaka karibu bila masizi. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Hata hivyo, ethanoli ya jikoni si dengelua. Huweza kutiwa vitu vyenye sumu ili isinywewe, na methanoli ikiwamo hupofusha na kuua. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado hajisikii vibaya. Chombo chake kiwekwe mbali na watoto, wala jiko lisiongezwe mafuta likiwa linawaka au lina moto, kwa kuwa mwali wake hauonekani vizuri mchana. Nishati inayookoa mapafu isije ikachoma ngozi.