"Mzigo umefika?": Taa mbili za pikipiki zinazomjibu mteja kabla hajauliza

Hebu hesabu: kwa siku moja unaulizwa mara ngapi "mzigo umefika?" Kama unauza mtandaoni na bidhaa zako zinavuka bahari, swali hili limeshakuchosha. Sisi wa Mkoani ndo kabisa. Dera linatoka Kariakoo, linavuka kwenda Unguja, linasubiri chombo, halafu ndo literemke bandarini kwetu. Muda wote huo pesa ya mteja unayo wewe. Na pesa ya mtu ikiwa mkononi mwako huku mzigo haujaonekana, kimya chako kinasomeka kama utapeli.

Wengi tunadhani dawa ni kujibu haraka. Sawa, jibu haraka. Lakini ukiwa bandarini unahesabu vifurushi, simu imeisha chaji au mtandao umekata, nani atajibu? Dawa kubwa zaidi ni mteja apate jibu bila kukuuliza.

Kuna watu kazi yao ni hiyo tu: kutazama namna binadamu anavyotumia kitu, halafu kukitengeneza kimfuate yeye. Mfano tunao mfukoni. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, wazo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao, wakawa wanatumiana pesa wao kwa wao. Wenye huduma wakaliona hilo na wakalifuata. Mwaka 2007 ikaingia sokoni Kenya kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na 2008 ikafika Tanzania kupitia Vodacom. Leo ukipiga *150*00# hata kitochi kinakubali, bila bando. Hakuna aliyemlazimisha bibi yako anunue simu kubwa kwanza.

Mfano wa pili ni wa Italia. Mwaka 2005, kwenye chuo cha ubunifu wa aina hii mjini Ivrea, Massimo Banzi na wenzake walianzisha kibao kidogo cha umeme kinachoitwa Arduino, ili wanafunzi wasio mainjinia waweze kujiundia vitu vyao. Michoro yake wakaiacha wazi, yeyote anaweza kuitengeneza. Somo lake kwetu: unda kitu cha bei ndogo, wape watu wakiguse, rekebisha, endelea. Kwa kazi ninayokuelezea hapa hata hicho kibao hukihitaji.

Sasa twende kazini. Dukani kwangu nje nimetundika taa mbili, moja juu, moja chini. Ya juu ni nyekundu: mzigo bado uko safarini. Ya chini ni ya kijani: mzigo uko dukani, njoo uchukue. Zote zikiwa zimezimwa, hakuna mzigo unaosubiriwa. Mtu akipita na daladala anaangalia tu, anajua.

Vifaa vingi nimevitoa kwenye pikipiki mbovu iliyokuwa imelala kwa fundi:

1. Swichi ya indiketa. Hii ndo roho ya kazi. Ina sehemu tatu: kushoto, katikati, kulia. Kushoto inawasha nyekundu, kulia inawasha kijani, katikati inazima. Haiwezi kuwasha zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo hata mdogo wako akiachiwa duka hawezi kuwachanganya wateja.

2. Taa ya nyuma, ambayo tayari ni nyekundu, na taa moja ya indiketa. Kwenye indiketa toa kifuniko cha manjano, weka kipande cha chupa ya plastiki ya kijani.

3. Balbu za LED za volti 12. Usitumie zile za zamani. Balbu ya zamani ya wati 10 inapata moto na itayeyusha plastiki yako, halafu inamaliza betri. Piga hesabu: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 60. Gawa kwa 10, unapata saa 6. LED ya wati 2 ni saa 30 kwa hesabu hiyo hiyo. Betri iliyochoka itakupa pungufu, lakini tofauti utaiona.

4. Fyuzi ndogo, ampea 3, karibu kabisa na upande chanya wa betri. Waya zikigusana, fyuzi inaungua badala ya duka.

Kile kifaa kinachofanya indiketa imetemete kiache nje. Taa inayometameta watu wanaisoma kama hatari. Viungo vya waya vifunge vizuri kwa tepu, maana hewa ya chumvi ya huku kwetu inakula shaba. Na uishie kwenye volti 12. Umeme wa ukutani, volti 230, mwachie fundi.

Lakini kabla hujanunua hata msumari, fanya jaribio la boksi. Kata boksi, bandika duara mbili za karatasi, nyekundu na kijani, tundika nje. Halafu waombe watu watatu ambao hujawaelezea chochote wasimame barabarani, uwaulize: "Hapa unaelewa nini?" Mimi bi mkubwa mmoja aliniambia, "Nyekundu maana yake umefunga duka, mwanangu." Ndo maana pembeni ya taa ya juu kuna mchoro wa boti, na pembeni ya chini mchoro wa kifurushi. Jibu la bi mkubwa yule lilikuja nikiwa bado nina boksi tu, shilingi haijatoka.

Usitegemee rangi peke yake pia. Wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Ndo maana moja iko juu na nyingine chini. Asiyeona rangi ataona sehemu.

Utasema: wateja wangu wako Mtambile, Kengeja, Chake, taa yangu wataionaje? Piga picha ya taa, iweke status ya WhatsApp. Kila inapobadilika, picha inabadilika. Asiyejua kusoma anaelewa, mwenye simu ya kioo kilichopasuka anaelewa. Kwa wenye vitochi, panga siku moja kabla nani atapigiwa, maana hao picha haiwafikii. Mteja wako aliyelipa na hana intaneti ndiye wa kwanza kupigiwa, asiwe wa mwisho.

Na sheria moja ambayo dukani kwangu haivunjwi: kijani inawashwa na aliyehesabu vifurushi, sio aliyesikia honi ya meli. Meli kufika ni jambo moja, mzigo wa mteja kuwemo ni jambo jingine. Mtu akatoka Kangani kwa nauli yake kwa sababu taa yako imemwita, akakuta dera lake limebaki Unguja, hiyo taa hataiamini tena, na wewe hutaaminika pia. Taa inayodanganya ni bora isiwepo.

Anza na hatua ndogo. Leo usiku fungua simu yako, pitia ujumbe wa wiki nzima, andika swali ambalo umeulizwa mara nyingi kuliko yote. Kwako labda sio mzigo, labda ni "bei gani?" au "saizi ipo?" au "mpo wapi?" Swali hilo ndo kazi yako ya kwanza. Tafuta kitu cha bei ndogo, hata kiwe boksi na kalamu, kitakachomjibu mteja wakati wewe umelala.