Kujisitiri na Kumsitiri Mwenzako

Masomo: Mwanzo 9:20-23, 1 Timotheo 2:8-10, Yakobo 2:1-4

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kulitazama jambo linalosemwa sana makanisani, tena mara nyingi kwa hasira: mavazi ya Mkristo. Wazee hulalamika juu ya vijana. Vijana nao hunung'unika kwamba hupimwa mlangoni kwa macho kabla hawajasikia Neno lolote. Akina mama wengine wameambiwa kuwa aliyesuka nywele au kuvaa heleni hajaokoka. Basi yafaa tukae chini ya Neno la Mungu tuulize: Je, Biblia yasema nini hasa juu ya mavazi, na yamwambia nani?

Tuanze na neno lenyewe. Sisi husema "kujisitiri". Shina lake ni sitiri, yaani kufunika, kuhifadhi, kukinga na aibu. Lakini neno hili haliishii kwenye mwili wa mtu mmoja. Twasema pia kumsitiri mwenzako: kutomwanika alipokosea, kumfunika alipoaibika, kumpa nguo asipokuwa nayo. Mtu mwenye nyumba ndogo hushukuru akasema, "Imenisitiri." Na sote twamwomba Mungu atusitiri. Kwa hiyo stara ina pande mbili: kujifunika, na kumfunika mwingine. Upande wa kwanza umehubiriwa sana. Wa pili umesahauliwa, na Biblia haitengi mmoja na mwingine.

Angalieni mambo yalivyokuwa tangu mwanzo. Adamu na Hawa walipotenda dhambi waliona aibu, wakajishonea majani ya mtini. Mungu aliwahukumu, na hukumu ilikuwa nzito. Lakini kabla hawajatoka katika bustani, yeye mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi akawavika (Mwanzo 3:21). Aliyewahukumu ndiye aliyewavika. Hakuwavua hata yale majani yao ili waone haya zaidi.

Tena tazameni habari za Nuhu. Alilewa divai, akalala uchi hemani mwake. Hamu aliona, akatoka nje akawapasha ndugu zake habari. Shemu na Yafethi walifanya neno jingine. Walichukua nguo, wakaiweka mabegani mwao, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Nuhu alikuwa na kosa, hilo halifichiki. Hata hivyo Biblia haimsifu aliyekwenda kulitangaza; yawasifu waliolifunika. Hao wawili ndio waliojua maana ya stara.

Ndugu wasikilizaji, habari hii si ya kale tu. Mwezi wa Novemba 2014, katika kituo cha magari jijini Nairobi, kundi la wanaume lilimvua mwanamke nguo mbele ya watu wakidai kwamba amevaa vibaya. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake wengi waliandamana mjini kulipinga jambo hilo. Kabla mwaka haujaisha, Kenya ilikuwa imeongeza kifungu katika sheria: mtu amvuaye mwenzake nguo kwa nguvu ili kumwaibisha, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka kumi. Mwaka huohuo nchini Uganda ilitiwa sahihi sheria dhidi ya picha na mambo machafu. Watu wengi waliidhani kuwa ni ya kukataza nguo fupi, na wanawake wakashambuliwa njiani. Mwezi wa Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilivifuta vifungu vyake vilivyo muhimu.

Wale wanaume wa kituoni walisema wanatetea adabu. Je, ni kweli? Hata kama nguo ya mama yule ingalikuwa fupi kupita kiasi, nani alimwacha uchi? Si yeye, ni wao. Dhambi yao yapita ya Hamu, kwa maana Hamu alitazama na kusema tu, lakini hao walivua kwa mikono yao. Wala tusisahau kwamba Bwana wetu mwenyewe alivuliwa hadharani. Askari waligawanya mavazi yake mafungu manne, na ile kanzu isiyo na mshono wakaipigia kura (Yohana 19:23-24). Mkristo anayeona mtu akivuliwa nguo na umati, na akacheka au akanyamaza, hana budi kujiuliza ni upande gani wa msalaba amesimama.

Wanaume wengi hutoa udhuru kwamba mavazi ya wanawake ndiyo yawaangushayo. Yesu alinena waziwazi juu ya mwanamume amtazamaye mwanamke kwa kumtamani (Mathayo 5:28-29). Hakumtuma aende akamrekebishe mwanamke huyo. Alimwambia ashughulike na jicho lake mwenyewe. Na Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu adabu katika ibada, alianza na wanaume: wainue mikono iliyo mitakatifu, pasipo hasira wala ugomvi. Mstari huo huwa nadra kusomwa siku ya kuhubiri juu ya mavazi.

Sasa twende kwenye mstari unaofuata, kwa kuwa ndio unaosomwa kila mara. Paulo ataja mambo manne ambayo wanawake wasiyafanye kuwa pambo lao: kusuka nywele, dhahabu, lulu na nguo za thamani. Yahesabuni vizuri. Mtaona kwamba hakutaja urefu wa nguo. Yote manne ni mambo ya utajiri na kujionyesha. Timotheo alikuwa Efeso, mji wa bandari wenye biashara kubwa, na fasheni za Rumi zilifika huko. Wanawake matajiri wa Kirumi walikuwa na watumwa wa kuwatengeneza nywele, zikasukwa na kurundikwa juu ya kichwa, tena zikatiwa vito na nyuzi za dhahabu. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Pliny, aliyeishi karne ileile, asema alimwona Lollia Paulina, aliyewahi kuwa mke wa Kaisari Gaius, katika karamu ya uchumba. Alikuwa amefunikwa kwa zumaridi na lulu kichwani, masikioni, shingoni na vidoleni. Thamani yake ilikuwa sesterti 40,000,000, naye alikuwa tayari kuonyesha hati za kuthibitisha bei. Siku hizo askari wa kawaida alilipwa sesterti 900 kwa mwaka. Yaani mwanamke mmoja alivaa mshahara wa mwaka mzima wa askari zaidi ya 44,000.

Hapo twaweza kuelewa. Mtume hakuwa anamkemea dada anayesukwa nywele na mwenzake chini ya mwembe siku ya Jumamosi ili kichwa kiwe nadhifu wiki nzima. Alikuwa akiwaonya wale waliokuja kumwabudu Mungu wakiwa wamevaa kiburi, kanisani ambamo mtumwa naye ameketi. Petro alionya vivyo hivyo katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3. Uzuri anaousifu ni wa moyoni, ule usiochakaa.

Yakobo alieleza hatari yake. Wawili waingia kanisani, mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini mwenye nguo mbovu. Wa kwanza apewa kiti kizuri. Wa pili aambiwa asimame pale, au aketi chini. Je, mambo haya hayako kwetu? Wako watu katika vijiji na mitaa yetu ambao hawaji ibadani Jumapili, si kwa sababu hawamwamini Mungu, bali kwa sababu hawana nguo wanazoziita "za kanisa". Mama mwenye gauni moja hulifua usiku na kuomba likauke kabla ya asubuhi. Kisha yatangazwa kwamba kwaya yashona sare mpya, au kwamba kamati ya arusi yataka kila jamaa anunue kitambaa cha rangi moja. Asiye na fedha hukopa, au hubaki nyumbani akisema anaumwa. Hakuna aliyemfukuza, lakini mavazi yetu yamemfukuza.

John Wesley, aliyekuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, aliandika mahubiri juu ya mavazi mwaka 1786. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: fedha tunazozitumia kwa mavazi ya gharama tusiyoyahitaji tumewanyima walio uchi. Torati nayo ilikuwa imekwisha sema kwamba ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika usiku (Kutoka 22:26-27). Mungu hulihesabu vazi la maskini. Na siku ya hukumu Bwana atawakumbuka wale waliomvika alipokuwa uchi (Mathayo 25:36).

Pengine msikilizaji atauliza, "Basi mwasema kila mtu avae apendavyo?" La, hasha. Kujisitiri ni jambo jema, wala si mzigo. Wazee wetu wa Pwani walilijua hilo. Zamani za utumwa, mtumwa alitambulikana kwa kipande cha merikani au kaniki, nguo duni. Kufunika kichwa na kuvaa viatu ilikuwa heshima ya waungwana. Mwaka 1875 misheni ya CMS ilianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yawe makao ya watu waliookolewa utumwani. Hao ni miongoni mwa mababu wa Kanisa letu la Anglikana katika nchi hii. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajitanda kanga. Kwao kujifunika ilikuwa kusema, "Mimi ni mtu, nina heshima yangu." Ndivyo impasavyo Mkristo kuuona mwili wake. Twaufunika kwa sababu ni wa thamani, ni hekalu la Roho Mtakatifu. Si kwa sababu ni mchafu.

Kwa hiyo, dada na kaka vijana, hatuwapi futi ya kupimia. Twawapa maswali matatu ya kujiuliza mbele ya kioo. Kwanza, je, nguo hii yafaa mahali niendapo na kazi nitakayofanya? Nguo ya mchezo si ya mazishini. Pili, je, naivaa ili nitazamwe na kutamaniwa, au ili mwenzangu ajione duni? Tatu, je, imenunuliwa kwa haki, pasipo deni na pasipo kuwanyima wa nyumbani? Maswali haya ni ya wanaume sawasawa na wanawake. Suti ya gharama na saa ya dhahabu zaweza kukosa stara kuliko sketi fupi.

Wengine huuliza kuhusu suruali kwa wanawake, wakitaja Kumbukumbu la Torati 22:5. Aya hiyo yakataza mume na mke kubadilishana mavazi. Lakini kila nchi ina vazi lake la kiume na la kike. Musa hakuvaa suruali, na mgeni asiyejua angeweza kuidhania kanzu ya mzee wa Lamu kuwa gauni. Tuwe na hekima, tusifunge mlango wa wokovu kwa jambo la desturi.

Nasi makasisi tusijisahau. Yesu alionya juu ya waandishi wapendao kutembea wamevaa mavazi marefu huku wakila nyumba za wajane (Marko 12:38-40). Kola na kanzu nyeupe hazimsitiri mchungaji anayewanyanyasa maskini wa Mungu.

Neno la mwisho ni kuhusu namna ya kuonyana. Msichana akiingia kanisani na vazi lisilofaa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya Hamu: kunong'onezana, kumtaja mimbarini, kumrudisha mlangoni. Akiondoka vile, huenda asirudi tena maisha yake yote. Ya pili ni ya Shemu na Yafethi. Mama mmoja husogea taratibu, akaketi karibu naye, akampa leso yake ajifunike magotini, wala asiseme lolote. Baada ya ibada humwuliza jina, humkaribisha chai. Siku nyingine, wakiisha kupendana, watazungumza kuhusu mavazi, naye atasikia. Kanisa lenye akina mama wa namna hiyo halihitaji mlinzi wa mavazi.

Wiki hii, ndugu msikilizaji, fungua sanduku lako la nguo. Angalia unachovaa, na kwa nini. Kisha angalia usichovaa, na ni nani jirani yako angeweza kusitiriwa nacho.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyewavika wazazi wetu wa kwanza katika aibu yao, utufundishe kujisitiri kwa heshima na kuwasitiri wenzetu kwa upendo. Uyasafishe macho yetu, uuondoe moyo wa kiburi, uwakumbuke wote walioaibishwa mbele ya watu. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo, aliyevuliwa kwa ajili yetu ili sisi tuvikwe haki yake. Amina.