Dohani Bapa

Mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto wa chuo bado nimo ndani ya Juzuu Amma, mjomba alikuwa akinichukua Changamwe kutazama magari ya moshi. Vichwa vile vya Garratt, daraja la 59, vilivyopewa majina ya milima yetu, vilikuwa na uzito wa tani 252 kila kimoja. Lakini si ukubwa ulionishangaza. Dohani yake ilikuwa bapa, nyembamba, kama iliyominywa.

"Mjomba, imegongwa?"

"Hayo waachie mafundi, baba," akacheka.

Jibu nimelipata ukubwani. Dohani ile ilibuniwa na Dkt. Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria. Gari la moshi, msomaji wangu, hupumulia dohanini. Mvuke ukisha kusukuma pistoni hutoka kwa kishindo kupitia mdomo mwembamba chini ya dohani, huvuta moshi, na moto jikoni ukakolea. Hicho ndicho kipepeo chake. Ila mdomo ukibanwa mno, mvuke hukosa njia ukazizuia pistoni zenyewe, kama shairi lililobanwa mizani likakosa pumzi. Giesl akaugawa mdomo ule ukawa midomo midogo saba katika safu moja, na juu yake dohani ndefu bapa. Moto ukavutwa vyema, kizuizi kikapungua.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Livio Dante Porta wa Argentina, aliyefariki mwaka 2003. Alibuni dohani yake, Lempor, kisha akageukia jiko. Aliona kwamba hewa nyingi ikipita chini ya makaa ya mawe hupeperusha chembe kabla hazijaungua, zikapotelea nje. Akaipunguza hewa ya chini, akaingiza nyingine ubavuni juu ya moto, na mvuke kidogo chini ili majivu yasigande. Makaa yakawa yatoa gesi kwanza, na gesi ndiyo iwakayo.

Afrika Kusini, Mwingereza David Wardale aliyafuata mawazo hayo. Mwaka 1981 karakana ya Salt River, Cape Town, ilitoa kichwa namba 3450 kilichoundwa upya, chekundu, chenye dohani mbili. Jina lake rasmi ni L. D. Porta, watu wakakiita Shetani Mwekundu, jina ambalo mimi nisingempa mtumishi mwema namna ile. Kilipunguza makaa kwa asilimia 28 na maji kwa asilimia 30, na maji katika nchi kame ya De Aar si kitu cha kumwaga.

Cha pili cha namna yake hakikuundwa. Reli zilikwisha kuelekea dizeli na umeme, na hapa kwetu Garratt zilikuwa zimekwisha kustaafu. Husemwa kwamba gari la moshi lilikufa kwa uzee. Mimi naona lilizikwa likiwa ndiyo kwanza lajifunza kupumua.

Nilipofika Makumbusho ya Reli, Nairobi, nilimkuta Mount Gelai, namba 5918. Wenzangu walitazama magurudumu. Mimi niliinua macho kwanza kwenye dohani.

Ni bapa vilevile.