Kachumbari na Maswali ya Sayansi

Soko la Kenyatta, lililo karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta mjini Nairobi, lajulikana sana kwa nyama ya kuchoma na kwa wasusi wa nywele. Miongoni mwa wafanyao kazi mahali kama hapo wamo walioacha shule kabla ya kidato cha nne, nao sasa wataka kuufanya mtihani wa KCSE wakiwa watahiniwa wa kibinafsi. Wengi huogopa sayansi kuliko masomo mengine. Kwa maoni yetu, hofu hiyo yatokana na namna ya kujisomea: mtu hununua maswali ya miaka iliyopita, hukariri majibu, na swali likigeuzwa kidogo tu amekwama.

Twaa mfano wa kachumbari. Mchoma nyama hukata nyanya, huzinyunyizia chumvi, na baada ya dakika chache maji hujaa sahanini. Yametoka wapi? Ajibuye kwamba chumvi imeyavuta hakusema uongo, lakini hajaeleza neno. Jibu kamili ni hili: chumvi iliyoyeyuka juu ya nyanya imefanya myeyusho mzito kuliko ule uliomo ndani ya seli, utando wa seli hupitisha maji lakini huizuia chumvi, basi maji hutoka ndani penye myeyusho hafifu, yakaenda nje penye myeyusho mzito. Hiyo ndiyo osmosisi. Swali la alama 3 kwa kawaida lataka hoja 3, nazo hizo ni tatu.

Sasa ligeuze swali. Kata kiazi kibichi vipande viwili, kila kimoja sentimita 5. Kimoja kitie katika maji matupu, cha pili katika maji yenye chumvi nyingi, uvipime baada ya saa moja. Cha kwanza utakikuta kigumu, maana kimeingiwa na maji, na ukuta wa seli umezizuia seli zisipasuke. Cha pili kimelegea. Aliyeielewa kachumbari hatahitaji kukariri jambo hili.

Tena, katika biolojia, kemia na fizikia, karatasi ya tatu ni ya vitendo, nayo ina alama 40 katika 100. Kiazi, rula na saa vyatosha kwa kuanzia. Kupima asidi si kazi ya jikoni. Hiyo yataka maabara na mwalimu.

Jiko la makaa nalo lina swali lake. Makaa yakiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na himoglobini ya damu mahali pa oksijeni na huweza kuua. Asomaye usiku na alitoe jiko nje.

Mtihani wenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Basi fikiri kwa lugha uijuayo, kisha uandike jibu kwa Kiingereza pasipo kukitazama kitabu.

KCSE ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1989. Watoto waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 walipangiwa kuufikia mtihani huu mwaka 2027, kwa kuwa utaratibu wa masomo umebadilishwa. Anayekusudia kuufanya asikawie kutafuta kituo kiandikishacho watahiniwa wa kibinafsi, na kabla ya kulipa ada aulize kama kina maabara ya kufanyia karatasi ya tatu.